Mkwaruzo Kwenye Kisu cha Yaya Hippolyte

Kalemie, tarehe 4 Agosti 2025

Yaya Hippolyte,

Mimi mdogo wako wa kike nakusalimu, kaka yangu mkubwa, kwa heshima zote, wewe na wifi yangu Aimée na yule binti yenu ambaye bado sijamshika mikononi. Mko wazima? Kile kichwa kinachokuuma kila kiangazi vumbi likipanda, kimekuacha mwaka huu au bado kinakusumbua? Sisi huku tunapumua. Mama anakula kidogo, lakini anakula, na mguu wake wa kushoto umepungua uvimbe. Ziwa nalo limeshuka, na watu wameanza kurudia viwanja vyao vya chini wakisahau mafuriko yaliyowapata, kama ilivyo kawaida yetu watu wa Kalemie.

Barua hii ataileta Cédrick, na pikipiki yake ya kupelekea samaki huko kwenu. Najua unajiuliza nani siku hizi bado anaandika barua. Simu yako inaita mpaka inachoka, yaya, na hata ungeipokea, maneno niliyo nayo siwezi kuyasema huku nasikia unavyopumua. Kwa hiyo nimechana kurasa katikati ya kaye, lile daftari la mauzo, nimekaa kwenye benchi la atelie alimofulia Papa visu, mlango wazi, mchana kweupe. Uisome polepole, na usiitupe kabla hujafika mwisho. Wewe una hasira za haraka, mimi nina mdomo wa haraka, na Papa alizoea kusema kwamba Mungu alichukua ugonjwa mmoja akatugawia vipande viwili.

Kwanza nikupe habari za kilio, kwa sababu Cédrick anasimulia kama anavyoendesha pikipiki, vitu vingi anavipita. Papa alituacha Jumanne tarehe 8 Julai, saa nne asubuhi. Ni kile kifua. Miaka thelathini ya kuvuta vumbi la chuma haikuondoka bila kudai chake. Mama alikuwa anamnywesha uji, akakikataa kijiko cha tatu kwa mkono, na mkono ukashuka wenyewe. Watu walijaa mpaka barabarani. Akina mama wanaouza samaki wa migebuka waliacha meza zao wakaja wote, na Mama Précieuse akasema mbele ya watu kwamba kisu alichotengenezewa na Papa mwaka aliozaa kitinda mimba wake bado kinapasua mgongo wa sangala bila kuombwa mara mbili. Hata padri alitabasamu.

Baba mdogo Omer alitoka Niemba akasimamia matanga yote. Kila aliyeingia aliuliza mtoto wa kwanza yuko wapi. Mama alijibu kwamba barabara ya kutoka huko kwako Kabalo ni mbaya. Mimi, unayenijua kwa maneno, niliwaletea viti.

Sasa Baba mdogo amesema kwamba Jumapili tarehe 17, baada ya misa ya siku arobaini, ukoo utakaa na vyombo vya Papa vitakabidhiwa: fuawe, mivukuto, eto ya kubania na nyundo zote. Hakuna aliyebisha kwamba ni vyako. Lakini Cédrick alishatuletea jibu lako. Alisema umekataa kuja kukalia kiti cha mtu aliyekuita mwongo mbele za watu, awe hai au awe amekufa. Alisema tupa hujaishika miaka mitatu, unabeba magunia pale gare ya treni, na alipokuuliza kwa nini ulimwonyesha kiganja ukamwambia: "Mukono yangu Papa alishaikatia hukumu. Njo basi, imekwisha." Mama aliposikia hivyo alisimama akaingia ndani. Baba mdogo alisema kama ni hivyo atavichukua vyombo aende navyo Niemba, vikakae tu.

Neno lako la mkono nimelala nalo na kuamka nalo wiki mbili. Vyombo viende popote, mimi haviniumi. Kinachoniuma ni kwamba unaishi ukiamini mkono wako ni mbovu. Yaya, mkono wako haujawahi kuwa mbovu.

Utashangaa sasa nikianza kukueleza kazi yako mwenyewe. Nivumilie. Nakueleza kazi unayoijua ili uone kwamba na mimi niliijua.

Visu vya Papa havikung'aa kama kioo. Vile vya kioo, alisema, vinapitishwa kwenye gurudumu la mota na vinadanganya macho. Vyake vilikuwa na ule mng'ao mtulivu, tunaouita sateni, mistari midogo sana imelala pamoja kutoka shina mpaka ncha kama nywele zilizochanwa. Kuipata sateni safi kunataka moyo wa punda. Tupa kwanza, mpaka bapa la kisu linyooke. Kisha msasa wa namba mia na ishirini, uliovingirishwa kwenye kipande cha mti mgumu, ukisugua kwa mshazari. Kisha mia mbili na ishirini, mshazari wa upande wa pili, mpaka usione hata mstari mmoja wa ile namba ya kwanza. Kisha mia nne. Mwisho mia sita, na hapo hakuna tena kusugua. Ni kuvuta tu, moja kwa moja, shina mpaka ncha, pumzi moja, unainua mkono, unakunja msasa upate mahali papya, unavuta tena. Ukirudisha mkono nyuma umeharibu. Na kati ya namba na namba unaosha kisu, unaosha mikono, unamwaga maji, kwa sababu punje moja ya msasa mkubwa ikibaki ndani ya bakuli inatosha kukurudisha mwanzo.

Hakuna aliyenifundisha haya. Wewe ulipewa moto na chuma, mimi nilipewa mipini na soko. Lakini nilikaa kwenye kile kigoda cha mlangoni miaka kumi nikipiga misumari ya mipini, na macho hayana kodi. Nilifika mahali najua utakapokosea kabla hujakosea. Hakuna aliyeniuliza.

Unaikumbuka sheria ya kisu cha ruhusa. Anayetaka kufanya kazi kwa jina lake anatengeneza kisu kimoja peke yake, kuanzia chuma cha resori, springi ya lori, mpaka sateni, bila mkono mwingine kukigusa. Papa akikikubali anakigongea zile nukta zake tatu pale shina. Na juu ya sheria hiyo kulikuwa na ile kubwa, aliyoisema mpaka tukaichoka: aliyekwaruza aseme. Aseme kabla maji hayajakauka, na hakuna atakayemgombeza, wote watarudi kwenye msasa mkubwa kumsaidia. "Kukwaruza ni kazi, kuficha njo zambi." Watoto wa wengine walilala kwa hadithi, sisi tulilala kwa hiyo.

Siku ile ya Julai, miaka mitatu iliyopita, ulimaliza kisu chako kabla ya saa sita. Ulikiosha, ukakikausha, ukakilaza juu ya kitambaa cheupe, ukaenda ziwani kuoga ili usimame mbele ya Papa ukiwa msafi. Papa alikuwa amelala kidogo. Mama alikuwa anapika bukari, ugali wa mashahidi, maana Papa alikuwa amewaalika Baba mdogo na mafundi wawili wa mtaa wa pili. Katika atelie nilibaki mimi.

Nilikiangalia kile kisu, yaya. Sijawahi kukuambia kilivyokuwa kizuri, na leo nasema. Kilikuwa kizuri kuliko vya Papa. Nilifurahi kwa ajili yako, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na wivu, nisikudanganye, wivu wa mtu aliyehesabu nyama zote za sherehe na hakukaribishwa kula. Nikasema moyoni: mvuto mmoja tu. Nitavuta juu ya mistari yake, hakuna atakayejua, ila mimi nitajua kwamba mkono wangu umo.

Nilikaa kwenye kigoda changu, nikakiweka mapajani kama mtu anayepaa samaki. Nilivingirisha msasa wa mia sita kwenye mti, nikauchovya kwenye bakuli lililokuwa karibu. Bakuli lile asubuhi nilisuuzia msasa wa mia na ishirini niliosafishia mpini wa jembe. Maji sikuwa nimeyamwaga. Nilijua sheria ya maji kama ninavyojua jina langu, lakini nilikuwa na haraka ya mwizi.

Nilisikia kwa vidole kabla sijaona. Kitu kidogo kilikwama, kikateleza. Nilipoinua mkono kulikuwa na mkwaruzo, urefu wa kidole, ukianzia katikati na kupinda kuelekea makalini.

Nilivuta mara tatu kuufuta. Unajua mwenyewe kwamba mkwaruzo wa aina ile haufutiki kwa mia sita. Kisha nikakusikia unapanda njia unaimba. Nilichukua mafuta nikamwagia bapa lote, kwa sababu chini ya mafuta chuma kinaonekana kitu kimoja, nikakirudisha kwenye kitambaa. Nilidhani Papa atakiangalia hivyo hivyo na mafuta yake, atagonga nukta zake, na siku moja nitakuambia tukacheka. Ndivyo nilivyodhani.

Mengine unayajua, lakini unayajua kutoka upande wako. Papa alichukua majivu na kitambaa, akafuta mafuta yote, akatoka mlangoni akakiinamisha juani. Akauliza mara moja tu nani alipitisha mkono hapa. Ulijibu kwamba hakuna, kwamba ulikiacha safi. Akakuonyesha. Nilikuona uso unavyobadilika, ulikuwa kama mtu aliyekuta mlango wa nyumbani kwake umehamishwa. Uliapa kwamba hukuuacha mkwaruzo ule. Akakuuliza na mafuta je, nani alipaka, ukasema hukupaka. Baba mdogo alikohoa. Wale mafundi wawili waliangalia miguu yao. Papa akasema kwamba kukwaruza alishakusamehe kabla hajauliza, ila kukana, hajui akufanyie nini. Akakilaza kisu kifudifudi kwenye benchi.

Ulituangalia wote mmoja mmoja. Mimi ulinifikia mwisho. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika sinia la bukari, na nilipoona macho yako yanakuja niliangalia bukari. Siku ya nne ulipanda treni.

Adhabu yangu ingekuwa nini? Siku mbili za kusugua, sisi watatu, na Papa akitutania. Sikumwogopa Papa. Niliona aibu kwamba mara yangu ya kwanza kuigusa kazi ile niliiharibu. Siku ya kwanza neno lilikuwa jepesi na sikulisema. Ya pili likawa zito kidogo. Ulipoondoka likawa zito kuliko fuawe, na mtu hainui fuawe peke yake. Nilijiambia utarudi kabla ya Noeli, halafu kabla ya Pasaka, halafu nikasikia umeoa, nikasema basi, amesahau.

Na sikiliza hili pia. Ulipoondoka Papa alikosa mtu, akaniita mimi. Nilipata kile nilichokitaka, nikisimama mahali pako, nikivaa ile aproni yako ya ngozi. Alinifundisha kwa upole ambao wewe hakukuonyesha. Sateni ya visu vilivyouzwa hapa mwaka huu ni yangu, na watu wanaisifu. Mara mbili alitaka nitengeneze kisu cha ruhusa, na mara mbili nilikataa. Alieleza watu kwamba binti yake ni mnyenyekevu. Nilimwacha aeleze.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo baya. Nimeinuka mara mbili kwenye benchi hili kabla ya kuliandika.

Alhamisi tarehe 19 Juni, Papa akiwa bado na nguvu za kukaa, aliomba tumtoe mlangoni apate jua la asubuhi. Mama alikwenda kuchota maji. Akaniambia nimletee kisu cha Hippolyte. Sikujua kama bado kipo. Kilikuwa kwenye sanduku la nguo zake za misa, kimefungwa ndani ya singleti, hakina hata doa la kutu. Miaka mitatu alikuwa anakipaka mafuta bila kutuambia.

Alikishika, akapitisha ukucha juu ya ule mkwaruzo, akarudia, akarudia. Alisema kwamba wewe unafanya kazi umesimama, uzito wako kwenye mguu wa nyuma, kwa hiyo hata makosa yako yananyooka. Mkwaruzo huu umepinda. Alisema huu ni wa mtu aliyekaa, kisu kiko mapajani. Hakuniangalia. Aliangalia barabara. Alisema yeye ni mzee, mzee anaweza kukosea, na kama alikosea, Cédrick anakwenda Kabalo Jumamosi na samaki zake, wakati upo wa kukuita uje akuombe msamaha uso kwa uso. Kisha akaniuliza: "Evodie, mimi nilimukosea mutoto?"

Neno lilikuwa mdomoni, yaya. Nililionja. Nikamjibu: "Hapana Papa, haukumukosea."

Hakuuliza tena, unamjua, alikuwa anauliza mara moja. Akanipa kisu nikirudishe sandukuni. Jumamosi Cédrick aliondoka na samaki tu.

Kutoka Jumamosi ile mpaka Jumanne ile ni siku kumi na saba. Pikipiki inataka siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Ungemkuta anaongea, ungemkuta anakula. Siku zote hizo, kila pikipiki iliposimama barabarani, aligeuza kichwa. Niliona, na sikumwuliza kwa nini.

Sijui alikufa akijua nini. Labda alinijua siku ile ile ya mlangoni, na swali lake lilikuwa mkono wa mwisho alioninyooshea ili niseme kabla maji hayajakauka. Labda aliniamini, akazikwa akifikiri mwanawe wa kwanza ni mwongo. Nageuza la kwanza, nageuza la pili, yote mawili yananikata, na wa kuulizwa hayupo. Watu husema mficha maradhi kilio humuumbua. Kilio kimekuja na hakikuniumbua, walinipa pole kama wengine na kunisifu jinsi nilivyomuuguza. Ndiyo maana najiumbua mwenyewe.

Leo asubuhi, kabla sijaandika hata tarehe, nilimwambia Mama. Nilifanya hivyo makusudi, ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua, kisha akaniambia niandike leo leo, nisile kwanza. Hajanisemesha tena. Tarehe 17 nitasimama mbele ya Baba mdogo na wale mafundi wawili, nitaeleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, ukija au usipokuja. Kisu kiko sandukuni. Mkwaruzo ule leo ningeweza kuutoa kwa nusu siku, mkono wangu sasa unajua. Sijaugusa. Kisu kile hakinihusu tena.

Atelie nitaiacha. Nimemwomba Mama Précieuse nafasi kwenye meza yake ya samaki, na amekubali bila kuuliza, kwa sababu bado hajui. Wewe urudi kazini, hapa au huko Kabalo, popote utakapopata moto na fuawe. Usimwache binti yako akue akiona baba anabeba magunia kwa sababu ya punje moja ya msasa iliyokuwa kwenye bakuli langu.

Nisalimie wifi Aimée sana. Mwambie ukweli wote juu yangu, usinipunguzie, asije akanipenda bure. Mbusu mtoto kwa niaba ya babu yake, maana aliulizia mara nyingi amefanana na nani. Baba mdogo Omer anakusalimu na kukungoja. Mama hakutuma salamu ndani ya barua hii. Amesema hawezi kuweka maneno yake kwenye karatasi yangu, na kwamba salamu zako anazo mdomoni, atakupa ukifika.

Mimi sikuombi msamaha, yaya. Sijafika hapo, na pengine hatutafika. Lakini Papa alitaka kukuomba wa kwake, na ni mimi niliyeuzuia njiani. Nakuletea sasa, umechelewa siku arobaini na sita. Upokee huo wake, hata kama mkono unaouleta huutaki.

Mdogo wako,

Evodie